Rossi Yupi? Namna ya Kuandaa Raundi ya Jina Moja

Kwenye chemsha bongo yetu ya Jumamosi jioni hapa Chang'ombe, Dodoma, raundi ambayo watu huiulizia hata kabla hawajakaa ni ile ya jina moja. Natangaza jina la ukoo, na maswali kumi yanayofuata yote yanawahusu watu wenye jina hilo, wanamuziki kwa wanamichezo, wa leo na wa karne zilizopita. Naipenda kwa sababu inachanganya watu. Meza ya wanakwaya inamhitaji dereva wa bodaboda, wanafunzi wa UDOM wanamhitaji mzee aliyefuatilia Kombe la Dunia redioni, na hakuna anayeweza kuibeba meza peke yake. Walimu wenzangu wa Kondoa na Mpwapwa wameniuliza wafanyeje ili waanzishe kwao. Nitawaeleza kwa jina la Rossi tangu mwanzo hadi mwisho, maana ndilo lililonipa raundi nzuri kuliko zote.

Kuchagua jina

Tafuta jina lenye watu wengi wasio ndugu. Zawose ni jina tunalojivunia sana hapa Ugogoni: marehemu Hukwe Zawose na ilimba na zeze lake, na siku hizi Pendo na Leah wanaolipeleka jina hilo kwenye majukwaa ya nje. Lakini hao ni familia moja na muziki wa nyumba moja, kwa hiyo jibu la swali la kwanza linakuvujishia la pili na la tatu. Rossi ni tofauti. Ndilo jina la ukoo linalotajwa kuwa limeenea kuliko yote Italia. Hata kwenye fomu za mfano, raia wa kubuni huandikwa Mario Rossi, kama vile Juma anavyotumwa dukani kila siku kwenye vitabu vyetu vya hesabu. Kwa hiyo Rossi wawili wanaweza kuwa hawana hata tone la damu moja, na hapo ndipo mchezo unapokolea.

Majina ya Kiitalia pia hayamtishi mtu hapa. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walifika Dodoma miaka ya 1930, na wazee wa parokia za zamani kama Bihawana wanayatamka majina hayo bila kujiumauma. Kama kwenu si hivyo, fanya mazoezi ya kusoma kabla ya siku yenyewe. Kiitalia husomwa karibu kama kinavyoandikwa, ila ch husomwa k, na c ikitangulia i au e ndiyo husomwa ch. Msomaji akibabaika, meza zitabishana juu ya jina kabla hazijalifikia swali.

Daftari kwanza, maswali baadaye

Usiandike swali hata moja kabla ya kujaza daftari. Kila mtu mpe mstari wake: jina kamili, mji alikozaliwa, mwaka, kazi yake, na mwishoni kitu kimoja ambacho Rossi mwingine yeyote hana. Hicho cha mwisho nakiita muhuri. Asiye na muhuri haingii kwenye raundi, hata awe maarufu kiasi gani.

Mstari wa kwanza kwangu ni wa Paolo Rossi, mshambuliaji wa timu ya mpira ya Italia, aliyezaliwa Prato mwaka 1956 na kufariki Desemba 2020. Huyu mpe nafasi ya kutosha, kwa kuwa habari yake ina kona nyingi. Alifungiwa miaka miwili kwenye sakata la upangaji matokeo la mwaka 1980, jambo alilolikana siku zote, akarudi uwanjani ligi ya Italia ya 1982 ikiwa inaishia. Kocha wa Italia, Enzo Bearzot, akamchukua hivyo hivyo kwenda Kombe la Dunia kule Hispania. Mechi nne za kwanza hakufunga. Italia ilitoka sare mechi zote tatu za kundi, ikiwemo ya 1-1 na Kameruni, na wakaponea chupuchupu: pointi sawa na Kameruni, tofauti ya mabao sawa, ila Italia ilikuwa imefunga mawili na Kameruni moja. Kameruni wakarudi nyumbani bila kupoteza mechi.

Hapo wazee wetu huwa wanaamka. Mwaka 1982 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo kumbukumbu zao ni za sauti. Mzee mmoja anayekuja na mkongojo wake kutoka Kikuyu, hapa hapa Dodoma, nilipomaliza tu kusoma swali la Kameruni, alisema, "Mwalimu, andika: walidhulumiwa na hesabu." Meza nzima ikamwachia kalamu.

Kisha Julai 5, pale Barcelona, Paolo akaifunga Brazil mabao matatu peke yake, Italia ikashinda 3-2. Nusu fainali akaifunga Poland yote mawili. Fainali na Ujerumani Magharibi, Madrid, akafungua yeye, ikaisha 3-1. Mabao sita, yote ndani ya mechi tatu za mwisho. Akabeba kombe, Kiatu cha Dhahabu na, mwaka huo huo, Ballon d'Or. Muhuri wake: mabao matatu dhidi ya Brazil. Hakuna Rossi mwingine mwenye hilo.

Wa pili ni Valentino Rossi, mkimbiza pikipiki, na huyu ndiye mtihani wa kweli kwa mwandaaji kwa sababu kila mtu anadhani anamjua. Stika ya 46 iko kwenye pikipiki ngapi za mji huu! Vijana wa bodaboda huniambia kabisa, "Mwalimu, la 46 ni la bure hilo, usitupotezee muda." Ni kweli, namba yake usiiulize. Alizaliwa Urbino Februari 16, 1979, akakulia Tavullia. Ana mataji tisa ya dunia: la daraja la 125 mwaka 1997, la 250 mwaka 1999, la 500 mwaka 2001, kisha sita ya MotoGP, yaani daraja la juu, ya 2002, 2003, 2004, 2005, 2008 na 2009. Ameshinda mbio 115 za Grand Prix, akastaafu mwishoni mwa 2021.

Muhuri ninaoutumia mimi uko barani kwetu. Mbio ya mwisho ya msimu wa 2003 alishinda akiwa juu ya Honda. Akahamia Yamaha, kampuni ambayo haikuwa imetoa bingwa wa daraja la juu tangu 1992, na wengi wakaona amejiharibia. Mbio ya kwanza ya msimu wa 2004 ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, Aprili 18. Akashinda, akimwacha nyuma Max Biaggi. Ukiuliza, "Valentino Rossi alishinda mbio yake ya kwanza na Yamaha katika nchi gani?" utaona vijana wanaovaa 46 kifuani wanatazamana. Swali zuri linamfundisha hata shabiki jambo jipya kuhusu mtu wake.

Wa tatu ni Vasco Rossi, mwimbaji wa roki, aliyezaliwa Zocca, mkoa wa Modena, Februari 7, 1952. Kwetu hajulikani, kwao anajaza viwanja. Mwaka 1982 na 1983 alipanda jukwaa la tamasha la Sanremo, na mara ya pili akamaliza karibu na mkia. Lakini Julai 1, 2017, kwenye bustani ya Modena, watu zaidi ya 220,000 walikata tiketi kuja kumsikiliza. Ujaze Uwanja wa Mkapa mara tatu, bado hujawafikia. Huo ndio muhuri wake. Na angalia zawadi iliyomo kwenye daftari: mwaka 1982 una Rossi wawili, mmoja Sanremo na mmoja Hispania. Miaka ikigongana hivyo, zungushia duara, utaihitaji baadaye.

Waliobaki nawapitisha haraka, mstari mmoja mmoja. Sebastiano Rossi, kipa wa Milan, alikaa dakika 929 bila kufungwa kwenye ligi ya Italia msimu wa 1993/94, rekodi iliyokuja kuvunjwa na kipa Buffon mwaka 2016. Jessica Rossi alichukua dhahabu ya kulenga shabaha Olimpiki ya London 2012, akivunja sahani 99 kati ya 100. Alexander Rossi, Mmarekani wa California, alishinda mbio za magari za Indianapolis 500 mwaka 2016, mbio hizo zikifanyika kwa mara ya 100, akibana mafuta mpaka tone la mwisho. Giuseppe Rossi alizaliwa New Jersey, Marekani, akachagua kuichezea Italia mpira. Semino Rossi ni mzaliwa wa Rosario, Argentina, mji mmoja na Messi, na anaimba kwa Kijerumani.

Wanamuziki wa zamani wanataka uangalifu wao

Bila hawa raundi inageuka kuwa ya michezo tu, na wanakwaya wanabaki watazamaji. Luigi Rossi, mzaliwa wa Torremaggiore, kusini mwa Italia, aliitwa Ufaransa na opera yake ya Orfeo ikachezwa Paris mwaka 1647. Salamone Rossi alikuwa mwanamuziki Myahudi kwenye jumba la watawala wa Mantua, akifanya kazi enzi moja na mtunzi Monteverdi. Zaburi na sala za Kiebrania alizozitungia sauti kadhaa zilichapishwa Venice mwaka 1622 na 1623. Michelangelo Rossi, mzaliwa wa Genoa, alisifika kwa fidla hadi watu wakamwita Michelangelo wa Fidla, na opera yake ilichezwa Roma mwaka 1633.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, usiulize mwaka wa kuzaliwa wa watu hawa. Vitabu huandika "karibu 1597" au "karibu 1570", na neno hilo "karibu" likiingia kwenye jibu, umeshafungua kesi. Uliza mwaka wa kuchapishwa au wa kuchezwa, kwa sababu huo una karatasi. La pili, Salamone na Michelangelo wote wawili walipiga fidla na wote wawili waliishi karne ya 17. Swali la "Rossi mpiga fidla" peke yake halitoshi. Ongeza Mantua au ongeza Kiebrania, hapo anabaki mmoja.

Kwa Salamone mimi husikilizisha badala ya kuuliza kwa maneno. Pakua kipande kabla ya siku, kiweke kwenye simu, tumia spika ya kuchaji ili umeme ukikatika usikwame. Sekunde 30 zinatosha. Wanakwaya wanazisikia sauti zikiingia moja baada ya nyingine, soprano, alto, tena, besi, wanajua ni muziki wa kuimbia ibada, ila maneno hawayatambui. "Si Kilatini hicho," alisema mpiga besi mmoja siku ile, akifumba macho kusikiliza tena. Swali lilikuwa hilo hilo: ni lugha gani? Alipata.

Damu na jina

Rossi hutegwa vizuri zaidi kwenye undugu. Watu wakisikia jina moja wanadhani ni ndugu, na nimesikia mtu akiapa kwamba Valentino ni mtoto wa Paolo. Baba yake ni Graziano Rossi, mzaliwa wa Pesaro, naye mkimbiza pikipiki, aliyeshinda mbio tatu za Grand Prix za daraja la 250 mwaka 1979, mwaka ule ule aliopata mtoto. Namba 46 ilianza kwake. Halafu yupo Luca Marini, aliyezaliwa 1997, ambaye mwaka 2021 alikuwa kwenye MotoGP pamoja na Valentino. Majina tofauti, lakini ni ndugu wa mama mmoja.

Uliza hivi: "Kati ya Paolo Rossi, Vasco Rossi na Luca Marini, ni nani ndugu wa damu wa Valentino Rossi?" Meza nyingi zitamkataa Marini haraka kwa sababu ya jina. Ni swali ninalolithamini sana, kwa kuwa linamlazimisha mtu aache kusoma jina na aanze kumtazama mtu.

Kulisafisha swali

Kijana mmoja anayenisaidia aliniletea swali hili: "Rossi yupi alikuwa bingwa wa dunia?" Tukakaa nalo kibarazani. Paolo alibeba Kombe la Dunia. Valentino ana mataji tisa. Jessica naye amewahi kuwa bingwa wa dunia kwenye kulenga shabaha. Majibu matatu, yote sahihi. Akaongeza: "bingwa wa dunia kwenye mpira." Anabaki Paolo, lakini limekuwa jepesi mno. Akaongeza tena: "aliyebeba Kombe la Dunia bila kufunga bao lolote kwenye mechi nne za mwanzo." Sasa Rossi wa namna hiyo ni mmoja tu, na anayejibu lazima awe anaijua safari yenyewe ya 1982. Hapo tukaliandika.

Fanya hivyo kwa kila swali. Mpe mtu asiyejua majibu, mwambie kazi yake ni kutafuta jibu la pili. Akilipata, swali linarudi jikoni. Ninalisisitiza hili kwa sababu swali lenye majibu mawili ni dhuluma: kuna meza itakayojibu sahihi na kunyimwa pointi, na watu hao hawatarudi Jumamosi ijayo. Takwimu za michezo zilinganishe na kumbukumbu za chombo chenyewe, FIFA kwa Kombe la Dunia, MotoGP kwa pikipiki. Posti za mashabiki zinafaa kukuonyesha mlango wa habari, lakini usizichukue kama ushahidi.

Wageni wanaofanana

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa majina yanayofanana na Rossi. Russo, linalopatikana sana kusini mwa Italia, ni jina jingine. Rossini ni jina jingine kabisa: Gioachino Rossini, mtunzi wa opera, alizaliwa Pesaro Februari 29, 1792. Wanakwaya humtaja kwa haraka, nawe usiwape pointi. Lakini kuna utamu hapa. Mwandishi wa maneno ya opera mbili za huyo Rossini, ya 1813 na ya 1823, aliitwa Gaetano Rossi. Yaani Rossi aliandika, Rossini akatia muziki. Liweke swali la saba au la nane, meza zikiwa zimeshapata joto.

De Rossi nalo ni jina linalojitegemea. Daniele De Rossi wa Roma alibeba Kombe la Dunia 2006, na kwenye orodha ya majina anakaa kwenye D. Tangaza mapema, kabla ya swali la kwanza: De Rossi hahesabiwi kuwa Rossi. Sheria ikitangazwa mwanzoni ni sheria, ikitangazwa baada ya ugomvi inaonekana ni upendeleo.

Siku yenyewe

Anza na maswali mawili mepesi ili kila meza iwe na pointi: kombe la Paolo, taji la Valentino. La tatu liwe muziki wa kusikiliza. Kuanzia hapo changanya, usirundike michezo mahali pamoja. Swali la 1982, lile ulilozungushia duara, liwe la tano: "Rossi mmoja aliimba Sanremo na Rossi mwingine alifunga Madrid, ulikuwa mwaka gani?" Hapo meza inaweza kufika kupitia mlango wa muziki au wa mpira. Majibu yaandikwe kwa majina mawili. Atakayeandika "Rossi" peke yake hapati kitu, na lisemwe hilo nalo mapema.

Zawadi yetu msimu ukiwepo ni boksi la zabibu, na watu wanaligombea vikali, kwa hiyo andaa swali la kuvunja sare. Langu ni hili. Juni 2009, Pretoria, Kombe la Mabara: Italia 3, Marekani 1. Taja wafungaji wa Italia kwa mfuatano.

Jibu ni Giuseppe Rossi, Daniele De Rossi, Giuseppe Rossi. Aliyezaliwa Marekani aliingia kutoka benchi na kuifunga Marekani mara mbili, na bao la De Rossi likaja katikati ya mabao yake. Meza itakayoandika "Rossi, Rossi, Rossi" imekosa, na kwa kuwa ulitangaza sheria ya De Rossi mwanzoni, hakuna atakayekulalamikia. Lisome jibu polepole, mara mbili, kisha wape karatasi za majibu wazikague wenyewe.